Kamba Nyeupe Niliyoipeleka Nyumbani

Jumanne, tarehe tisa ya mwezi wa Shaabani, baada ya sala ya alasiri, nilimpoteza mke wangu Zainabu. Tulikuwa nyumbani kwetu Ujiji. Alikuwa ameketi kitandani, kwa sababu kulala chali kulimshinda tangu mwezi wa Rajabu. Mito mitatu ilikuwa mgongoni kwake, na mimi nilikuwa nyuma ya mito nikimzuia asiteleze. Alipoacha kuhema nilidhani amepata nafuu. Nilikaa vilevile kwa muda, nikiogopa kusogea nisije nikamwamsha. Binti yetu Tatu ndiye aliyeingia na kikombe cha uji, akamtazama mama yake usoni, kisha akakiweka kikombe chini taratibu.

Mwanzo tuliambiwa ni kifua kikuu. Akameza vidonge miezi sita, ingawa makohozi yalipimwa mara tatu bila kuonyesha kitu. Baadaye tukaambiwa huenda ni moshi, maana Zainabu alikuwa mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi tangu ujana, na jikoni kwetu ni kuni. Halafu maji yakajaa upande wa kulia wa kifua. Yakitolewa, yanarudi. Simlaumu mtu. Hakuna aliyeuliza mumewe alikuwa akifanya kazi gani, na mimi sikuona sababu ya kusema.

Nayaandika haya kwa ajili ya wenzangu tuliofanya kazi kwenye karakana za jeshi, na kwa ajili ya wake zao. Shule yangu iliishia darasa la saba. Jeshini nilijifunza ufundi wa injini za boti, nikaifanya kazi hiyo hadi nilipostaafu. Kuueleza ugonjwa siwezi, hiyo ni kazi ya madaktari. Nitasema yaliyotupata.

Baada ya arobaini ya mke wangu, mvua zikielekea kuisha, nikaanza kukohoa. Majirani wakasema ni huzuni imeshuka kifuani. Nikakubali, maana huzuni ilikuwepo. Lakini suruali zikaanza kunipwaya. Mshipi nikautoboa tundu jipya kwa msumari, kisha la pili. Ncha za vidole zikavimba, kucha zikawa za mviringo kama za mtu mwingine. Kutoka nyumbani mpaka msikitini ni mwendo ambao zamani niliumaliza nikipiga soga, na sasa nikawa nasimama mara mbili, najifanya natazama vitu vya dukani.

Pale hospitali ya mkoa niliijua benchi ya kifua kuliko kiti cha nyumbani kwangu. Ukikaa mwisho wa benchi, upande wa dirisha, unapata hewa. Wagonjwa wa zamani wanajua, na wanakupisha wakisikia unavyohema. Kiangazi kilipoanza nilitolewa maji mara ya kwanza. Unakaa umeinamia meza, wanakuchoma nyuma kati ya mbavu, na maji yanatoka kwa mpira hadi kwenye chupa. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Muuguzi aliyenishika mabega alikuwa amepasha mikono yake kwanza kwa kuisugua. Hilo silisahau. Nilipumua vizuri wiki tatu.

Lakini siku ile, nikiwa nimeinama, niliitambua ile chupa. Ilikuwa rangi ileile iliyotoka kwa Zainabu. Nikajiambia maji ya mapafu bila shaka ni hayohayo kwa kila mtu.

Yaliporudi mara ya pili, wakaniandikia rufaa ya Mwanza. Nilikwenda na Tatu. Yeye ni fundi cherehani, ana chumba chake cha kushonea kule Gungu, akakifunga siku tano kwa ajili yangu. Ndani ya basi alinipa kiti cha dirishani na akanishikia mto kifuani kila tulipopita kwenye matuta, tangu Kasulu hadi tulipoingia Mwanza.

Daktari wa kule alikuwa mtu wa maneno machache. Aliitazama picha yangu kwenye mwanga, akaniuliza, "Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?"

Nikamwambia, ufundi wa injini, boti za jeshi.

"Mabomba ya moshi mliyafunga na nini yasiunguze watu?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikamwambia tuliyafunga kwa kamba nyeupe, laini, nene kama kidole gumba. Sisi tuliiita sufi. Ikichakaa tunaikwangua, tunafunga nyingine. Chumba cha injini kikawa cheupe, tukatoka tumeota mvi sote, vijana na wakubwa wetu, huku tukichekana.

"Hiyo ni asbesto," akasema. "Inakaa mapafuni miaka mingi sana kabla ya kuonekana." Akaandika. Halafu bila kuinua kichwa akauliza, "Nyumbani kuna mwingine anayeumwa kifua?"

"Hayupo."

"Mkeo?"

"Amefariki mwezi wa Shaabani."

"Kwa nini?"

Nikasema, "Kwa kifua." Kalamu yake ikasimama. Tatu alikuwa nje akitafuta chai. Daktari akasema, "Zile nguo za kazi, nani alikuwa anafua?" Nikasema, "Yeye."

Lakini hakujua yote, na sikumwambia. Nguo zilikuwa jambo dogo. Mimi ile kamba niliichukua nikaipeleka nyumbani.

Ilikuwa hivi. Wakati ule umeme haujafika mtaani kwetu, na wachuuzi wa Kibirizi walikuwa wakitoka alfajiri na vibatari kuwahi dagaa. Utambi wa pamba unaungua, unazima na upepo wa ziwani, kila mara ununue mwingine. Kamba ile haiungui. Inanyonya mafuta, inawaka, na haipungui hata kidogo. Mafundi wengi tulilijua hilo. Vipande vilivyobaki karakanani vilikuwa mali ya jeshi, na hakuna aliyenipa. Nilivitia mfukoni nikavipeleka kwa mke wangu kama zawadi, na kwa kweli nilijiona mume. Zainabu akazichambua nyuzi moja moja, akazisokota juu ya paja kama wanavyosokota nyuzi za nyavu, akazilainisha ncha kwa mate ili zipite kwenye tundu la kibatari. Akatengeneza nyingi, akawagawia wenzake. Pale Kibirizi walimtania kwamba kwa mume mwanajeshi hafi mtu njaa, na taa yake haizimi. Alipenda utani ule. Alinisimulia akiwa amejifunika mdomo kwa kanga.

Siku mbili nzima za kurudi Kigoma sikumwambia Tatu chochote. Aliniuliza daktari amesemaje, nikasema, "Ni kazi ya jeshi."

Rafiki yangu mmoja tuliyestaafu naye akanieleza kwamba askari aliyedhurika kwa kazi yake anaweza kuomba mafao ya ulemavu. Nilihitaji kweli. Kila safari ya Mwanza ilimfungia Tatu cherehani, na alishaanza kusema atauza moja kati ya zile mbili. Nikachukua fomu. Mkono wangu unatetemeka nikiandika muda mrefu, hivyo Tatu akaandika na mimi nikajibu. Tulikaa kwenye mkeka, fomu juu ya sinia lililogeuzwa. Mwaka wa kujiunga, kazi, vifaa. Tukafika swali linalouliza kama mwombaji amewahi kukikuta kitu hicho nje ya kazi.

"Nje ya kazi, Baba?" akauliza.

Nikamwambia, "Andika hapana."

Akaandika hapana kwa mwandiko wake mzuri. Nilijua ni uongo. Sikuogopa kukataliwa peke yake. Niliogopa nikisema ndiyo Tatu ataniuliza ni wapi, naye yupo hapo ameshika kalamu.

Nilikaa na lile neno hadi kiangazi kinaisha. Nilitolewa maji mara ya tatu. Asubuhi moja nilijisikia na nguvu, nikachukua bodaboda hadi Kibirizi kutafuta samaki aina ya migebuka, na nikamkuta Mama Byamungu. Huyu ni mama wa asili ya Kongo, alikuwa jirani wa meza na Zainabu tangu wote wakiwa wasichana, na bado yupo palepale anaanika dagaa.

"Afande," akasema, "umekonda hivi, si paka watakubeba wakidhani ni samaki mkavu."

"Nimekuja uniuzie, si unitukane."

"Nitakuuzia na kukutukana, bei ni ileile." Akanifungashia, akanipa pole tena ya mke wangu, halafu akasema, "Juzi umeme ulikatika wiki nzima. Mimi sikununua hata mshumaa. Nikatoa kibatari cha zamani. Utambi wa Zainabu ulikuwa mule mule, ukawaka. Nikamwambia Byamungu, angalia, mtu amekufa, kazi yake iko."

Nilikaa juu ya ndoo. Alidhani ni ugonjwa, akaniletea maji. Nikamwambia pale pale, watu wakipita na matenga, kamba ile ni nini na imefanya nini.

Alicheka kwanza. "Sasa wewe unasema ni ule utambi? Utambi uue mtu?" Alipoona sicheki akaacha. Akajishika kifua, akavuta pumzi kama anayejaribu mlango. "Mimi sikohoi," akasema. Kisha akasema, "Mimi nilipewa umeshasokotwa. Ila mtoto wako je? Si ndiye alikuwa akikaa na mama yake wakichambua?"

Naomba mnielewe. Miezi ile yote nilimfikiria mke wangu, nikajifikiria mimi, na wale akina mama. Tatu sikumfikiria hata mara moja. Wakati wa ile kamba alikuwa na miaka sita, saba. Mama Byamungu aliposema hivyo ndipo nilipomwona, ameketi uani kwa mama yake, anazitupa zile nyuzi juu na kuzipuliza zisianguke, nazo zinashuka kwenye nywele zake. Nilikuwa nasimama mlangoni na sare yangu nikimtazama anavyofurahi.

Mama Byamungu alinipandisha bodaboda, akamwambia dereva, "Nenda polepole, huyu amebeba kitu." Sijui kama alimaanisha samaki.

Sikwenda nyumbani, nilikwenda Gungu. Tatu alikuwa anashona sare za shule. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana ningeketi nisingesema. Nilimweleza kamba, nikamweleza daktari alivyouliza, na kwamba nilijua siku ile ya fomu. Mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani. Alimaliza upindo, akakata uzi kwa meno, akachukua sketi nyingine.

"Mama alikufa kwa moshi," akasema.

"Mwanangu."

"Alikufa kwa moshi, Baba. Alipika kwa kuni miaka yote." Akashona kidogo. "Na uliniambia niandike hapana. Kwa mkono wangu."

"Nilikuambia."

"Basi acha ibaki hapana. Umeshaumwa, wakulipe utibiwe. Ukienda kubadilisha wanakunyima, halafu utanirudia mimi na habari za utambi."

Nikamwambia siwezi kuiacha. Akasema, "Kama huwezi, usinishirikishe." Tangu siku hiyo akawa ananitumia chakula kupitia watu, na yeye haji.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza nilipokwenda kwenye dawati la wastaafu. Koplo mmoja wa kike ndiye aliyekuwa anapokea. Alinipa shikamoo, akaitafuta fomu yangu.

"Mzee, hii imeshakamilika, inasubiri kwenda tu. Ukiifungua mwenyewe inarudi mwanzo."

"Nimejibu uongo pale kwenye nje ya kazi."

Akasoma. "Kwa hiyo ni ndiyo?"

Nikamweleza. Alisikiliza bila kuandika, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kipande ulichukua kwa ruhusa?"

"Hapana."

"Unajua nikiandika hivyo inasomekaje?"

"Itasomeka ilivyokuwa. Na andika kwamba mke wangu amefariki kwa hiyo hiyo, na mtoto aliishika."

"Mke hana sehemu kwenye fomu, Mzee. Wala mtoto. Hapa ni mwombaji peke yake."

"Basi andika pembeni."

Akaandika pembeni, kwa herufi ndogo ndogo mpaka nafasi ikaisha. Alipomaliza akanisomea yote, nikatia sahihi. Akasema, "Mungu akusaidie," na sikujua kama ananipa pole au ananiaga.

Kipindi chote cha mvua nilisubiri. Wenzangu mnaosubiri, nawaambia mambo machache yaliyonisaidia. Msiache picha za kifua hospitali, kaeni nazo nyumbani mahali pakavu, maana mtaulizwa. Laleni mmeegemea, msipigane na kitanda. Chakula kidogo mara nyingi, kwa sababu tumbo likijaa pumzi inakosa mahali. Na kama mna ile kamba au pamba yake ndani ya nyumba, msiichome wala kuitupa jalalani. Daktari nilimpigia simu akanieleza. Mimi na Mama Byamungu tulizunguka kwa wale akina mama waliobaki, tukakusanya tambi zote tulizozipata, tukazilowesha maji ziwe chapachapa, tukazitia kwenye mifuko miwili na kumkabidhi bwana afya. Mama mmoja alikataa kutoa wake. Alisema ndio ukumbusho pekee alio nao wa Zainabu. Alikuja kuuleta mwenyewe baada ya wiki, ameufunga kwenye leso.

Walinitoa maji mara ya nne na ya tano. Katikati ya mara hizo nilikuwa na siku ambazo nilitamani Tatu angekuja hata anigombeze.

Mvua zilipokatika ilikuja barua. Nilifikiri ni ya kunikatalia, nikaifungulia palepale mlangoni. Ilisema ombi limekubaliwa. Wamepitia pamoja na maelezo ya ziada, na madaktari wao wameona kwamba miaka yangu ya karakanani inatosha yenyewe kuwa chanzo. Kuhusu vipande nilivyochukua kulikuwa na sentensi moja ya kunikumbusha kwamba lilikuwa kosa. Nilisoma mara mbili. Nilifurahi, sitaficha. Niliita bodaboda huku nikikohoa na kucheka.

Tatu alinipisha kiti. Akaisoma barua kimya, akairudia mwanzo, akaikunja kwa mikunjo yake ileile, na akaiweka juu ya cherehani. Nilisubiri afurahi. Uso wake ulikuwa umekauka kabisa.

"Basi ni kweli," akasema.

Ndipo nilipoelewa alikuwa anasubiri nini miezi yote ile. Mimi nilikuwa naomba wakubali. Yeye alikuwa anaomba wakatae. Wangekataa, mama yake angekuwa amekufa kwa moshi, na nyuzi zile zingebaki mchezo wa mtoto.

Mteja akaja kuchukua gauni, akahudumiwa, akaondoka. Tatu akauliza, "Ile ya kupiga picha, wanafanya siku gani?"

"Jumatatu na Alhamisi."

"Twende Jumatatu."

Tulikwenda. Akavua mkufu akanipa nishike, akaingia. Kutoka kwenye benchi niliisikia sauti ya mpiga picha ikimwambia aweke kidevu juu, avute pumzi, aishikilie. Niliivuta na mimi bila kukusudia, ikanishinda kabla yake. Daktari alituita wote wawili. Alisema kwa sasa haoni kitu mapafuni mwake, ila hilo si la kumaliza neno, inabidi arudi kila mwaka, maisha yake yote. Tatu alikubali kwa kichwa. Hakunitazama, lakini kiti chake alikuwa amekisogeza karibu na changu.

Tukapelekwa dirishani afunguliwe kadi. Karani alimuuliza jina, umri, mtaa. Akajibu. Kisha akaulizwa alifanyia wapi kazi na asbesto, na kwa miaka mingapi.

"Sikufanya kazi," Tatu akasema. "Nilikuwa mtoto. Nilikuwa nacheza nayo."

Karani akainua macho, akaniangalia mimi, akarudi kwenye kadi. Akatafuta mahali pa kuliandika hilo kwa ncha ya kalamu, mstari kwa mstari hadi chini. Hakupaona. Akaigeuza kadi, akaandika nyuma.